Miezi Minne Ambayo Haijafika

Mpangaji wangu aliuweka ufunguo juu ya meza yangu ya kusahihishia madaftari, ukiwa bado na ule uzi mwekundu niliomfungia siku anahamia. Nje mvua ya masika ilikuwa inapiga bati, na dereva wa kirikuu, kile kigari cha mizigo, alikuwa anapiga honi getini kwa sababu vitu vinalowa: godoro, jiko la gesi, ndoo mbili, na mabegi matatu ya shangazi kaja.

"Mama, basi mimi nimekuja kukuaga."

Nilijua ana neno jingine. Alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, anajifuta maji usoni kwa ncha ya kitenge.

"Ile kodi iliyobaki, mama. Hata kama si yote."

Nikafungua droo. Nikatoa mkataba, nikaweka kidole kwenye kipengele cha saba, nikamsomea kwa sauti ileile ninayosomea darasa la sita: "Mpangaji akihama kabla ya muda wa mkataba kuisha, kodi aliyolipa haitarudishwa." Chini yake kulikuwa na sahihi yake, sahihi yangu, na muhuri wa serikali ya mtaa.

Hakubishana. Alisema, "Sawa, mama. Uniombee nifike salama." Akatoka.

Kama angebishana, ningelala.

## Milioni moja na themanini elfu

Alihamia Februari mosi. Chumba na sebule, choo ndani, 180,000 kwa mwezi, miezi sita mkononi: 1,080,000. Dalali alichukua kwake mwezi mmoja pembeni, kama ilivyo kawaida. Aliondoka Machi 31. Alikaa miezi miwili, ikabaki minne. Yaani 720,000.

Hakuondoka kwa kunichoka. Ni muuguzi, na tangu amalize chuo alikuwa anashikizwa kwenye zahanati za watu binafsi, leo hapa, kesho pale. Mwezi Machi jina lake likatoka kwenye ajira za serikali. Kituo: Kibondo, Kigoma. Siku ile alikuja uani anakimbia, simu mkononi, akanikumbatia. Wapangaji wote walitoka nje wakapiga vigelegele, na mimi ndiye niliyeanza.

Siku chache baadaye nilikuwa namsomea kipengele cha saba.

Nimejaribu kwa wiki nyingi kujieleza kwa nini. Sababu ya kwanza ni nyepesi na haina heshima yoyote: ile fedha haikuwepo. Siku nilipoipokea, 400,000 ilikwenda kwenye rejesho la VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nyingine 430,000 ilimaliza paa la baraza la uani, mabati, mbao na fundi. Iliyosalia, 250,000, ikaingia shuleni kwa watoto. Mpaka Februari inafika tarehe kumi, Julai yake nilikuwa nimeshaila.

Naliandika neno hilo kwa makusudi. Tunasema "nimekula kodi" bila kuwaza. Mwenye nyumba yeyote wa Dar anajua hesabu hii. Mimi, mwalimu mwenye banda la uani Segerea, siendi benki kukopa ili niongeze chumba cha nne. Benki yetu ni mpangaji. Kodi yake ya miezi sita inanunua mabati ya chumba kinachofuata, kodi ya chumba kinachofuata inachimba shimo la choo. Nusu ya mji huu imejengwa na miezi ambayo ilikuwa bado haijafika.

Na hakuna anayetuzuia. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo wewe na mpangaji wako mnaachiwa karatasi yenu.

## Aliyemtangulia

Sababu ya pili ina uzito zaidi, na kwa muda mrefu niliitegemea.

Kabla ya huyu binti, chumba kilekile kilikuwa na baba mmoja. Alilipa miezi sita ya kwanza vizuri. Ya pili akaomba alipe kidogokidogo, nikakubali, maana alikuwa mtu wa salamu na watoto wake nawafundisha. Akalipa mwezi mmoja. Halafu ikawa kesho, Ijumaa, mwisho wa mwezi, nikipata. Ikafika miezi mitano.

Nilikwenda kwa mjumbe. Nilikwenda serikali ya mtaa. Wakanielekeza Baraza la Kata, na huko nikaelezwa kwamba tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 wao wanasuluhisha tu, hawahukumu. Tukishindwana nipande Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mimi nina vipindi sita kwa siku. Ningepanda saa ngapi?

Alihama usiku wa kuamkia sikukuu. Alichukua taa zote, koki ya bafuni na kitasa cha mlango wa ndani. Asubuhi maji yalikuwa yanamwagika mpaka kwa jirani.

Wiki ileile niliingia steshenari ya karibu na shule, nikanunua mkataba uliochapwa tayari. Kurasa mbili, nafasi za kujaza jina na kiasi. Kipengele cha saba kilikuwamo. Nilikisoma mara moja na kukipenda, kama mtu aliyeibiwa anavyopenda kufuli jipya.

Kwa hiyo siku ile ya mvua, nilipoweka kidole pale, nilikuwa namsomea yule baba. Aliyekuwa amesimama mbele yangu ni mtu mwingine, aliyelipa kila senti kabla hata hajalala usiku mmoja.

Hili sikuliona siku ile. Nililiona siku tatu baadaye, na lililonionyesha ni dawa ya meno.

## Yuniti 38.6

Nilikwenda kukagua chumba. Nilikuwa na kalamu na karatasi, nimejiandaa kuandika uharibifu.

Sakafu ilikuwa imedekiwa mpaka pembeni. Dirisha limefutwa. Kwenye ukuta wa sebule alikuwa amepigilia misumari minne ya pazia na kalenda. Ameing'oa yote, na matundu ameyaziba kwa dawa ya meno, akayasawazisha kwa kidole mpaka rangi nyeupe ikalingana na ukuta. Nilisogeza uso karibu. Bado ilikuwa inanukia.

Mtu ambaye ameambiwa harudishiwi kitu hana sababu ya kufanya hivyo. Alifanya kabla ya kuja kwangu na ufunguo, au alifanya kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililonichoma zaidi.

Nikawasha taa. Kila chumba changu kina mita yake, nilijibana mpaka nikazivuta. Nikabonyeza kuangalia salio la luku, umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. 38.6.

Yuniti thelathini na nane nukta sita. Kwa bei ya kawaida ya majumbani ni kama 13,700. Alikuwa amenunua umeme wa kutosha kana kwamba anakaa, halafu kituo cha kazi kikatoka.

Nilisimama pale nikiangalia taa inawaka, nikatambua kwamba ninatumia umeme wake. Si lugha ya picha. Umelipiwa na yeye, haujatumika, na mimi nimewasha. Nikaizima haraka, kama mtoto aliyekutwa jikoni.

Nilipofika kwangu nikakumbuka jambo jingine dogo. Kodi ya jengo inakatwa kwenye luku siku hizi, 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni kodi ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, basi inakatwa kwake. Kwa miezi miwili yule binti alinilipia 3,000 ya kodi yangu ya serikali. Hakuwahi kuitaja, nami sikuwahi kumrudishia.

Elfu tatu. Lakini mimi ndiye niliyemsomea mkataba herufi kwa herufi.

## Dalali anagonga

Kuna jambo nimelificha hadi sasa. Kwa siku tisa za kwanza sikumwambia mtu yeyote kwamba chumba kipo wazi. Sikumpigia dalali, sikubandika karatasi dukani, sikumwambia hata mama muuza genge, ambaye akijua yeye basi mtaa mzima umejua.

Nilijiambia naacha chumba kipumue. Ukweli ni kwamba sikuwa na haraka. Aprili ilikuwa imeshalipwa. Mei pia. Hakuna kilichonisukuma.

Dalali alijua mwenyewe, na siku ya kumi akaja.

"Mama, chumba kikilala kinazeeka. Nina mtu na mke wake, wanatafuta haraka. Na bei imepanda, huku kwetu sasa 190 wanalipa bila kelele."

Wakaja, wakaangalia, wakapenda. Walihitaji muda wa kukusanya, tukakubaliana waingie Aprili 25. Miezi sita, 1,140,000. Dalali akaondoka anapiga mluzi.

Usiku ule nilichukua karatasi nikaandika miezi kwa safu. Aprili, Mei, Juni, Julai. Kushoto kwa kila mwezi nikaandika jina la binti na 180,000. Kulia nikaandika wanandoa na 190,000.

Mei: mara mbili. Juni: mara mbili. Julai: mara mbili.

Chumba ni kimoja.

Nimefundisha hesabu miaka kumi na minane. Mtoto akinipa jibu la namna hiyo namwambia arudi aangalie amekosea wapi. Muuza mkaa akiuza gunia moja kwa watu wawili tunamwita jina. Mimi nilikuwa na muhuri wa serikali ya mtaa, lakini gunia lilikuwa moja.

## Walichosema watu

Kaka yangu ndiye niliyempigia kwanza. Ana nyumba mbili Kigamboni na ana maneno makali, ingawa anatupenda.

"Dada, mkataba ni mkataba. Alisaini akiwa na akili zake. Ukimrudishia huyu, wapangaji wako wote watatu watajua kabla ya jua kuzama, na kila mmoja akitaka kuhama atakuja na mkono wazi. Utakuwa umefungua bomba usiloweza kulifunga. Na yule aliyekuibia koki, yeye alikurudishia nini?"

Sikuwa na jibu. Bado sina jibu kamili. Marehemu baba yetu, ambaye kiwanja hiki ni chake, simkumbuki akimrudishia mpangaji hata shilingi. Watu walihama katikati, baba akafunga daftari, na sisi watoto tukala wali. Sikuwahi kuona kuna kosa. Kama kurudisha ni haki, basi na yeye alikuwa na madeni aliyoondoka nayo, na hilo si jambo rahisi kwa mtoto kuliandika.

Mtu wa pili ni msaidizi wa kisheria, tunasali naye jumuiya moja. Nilimsubiri baada ya sala, nikamweleza kana kwamba ni habari ya rafiki yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia, akauliza swali moja.

"Mwalimu, huyo rafiki yako amepata hasara gani?"

Nikasema mpangaji amevunja mkataba.

"Hilo nimeelewa. Nauliza hasara."

Akanieleza polepole. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73: aliyevunja mkataba anamlipa mwenzake fidia ya hasara iliyotokana na kuvunja huko. Na katika kuipima hiyo hasara, inaangaliwa pia njia ulizokuwa nazo za kuipunguza. Kifungu kinachofuata kinasema hata kama mmeandika kiasi cha adhabu kwenye mkataba, anachostahili aliyeumia ni fidia inayofaa, isiyozidi kile kilichoandikwa. Hakijasema akichukue chote.

"Kwa hiyo kipengele cha saba hakina nguvu?" Nilisahau kwamba ni habari ya rafiki.

"Sijasema hivyo, mwalimu. Wakili mzuri atakitetea, na hakimu ndiye atakayepima. Mimi nakuuliza tu, mpaka wapya waingie chumba kitakuwa kimekaa wazi siku ngapi?"

Ishirini na nne.

"Na alikupa taarifa ya siku ngapi?"

Tano. Mkataba unasema mwezi mmoja.

"Basi anza hapo. Siku zilizokaa bure kwa sababu yake ni zake. Zilizokaa bure kwa sababu yako ni zako."

Nikarudi nyumbani kwa miguu, mvua ikininyeshea, nikiziwaza zile siku tisa.

## Siku tisa

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu kuliko popote.

Kodi ya siku moja ni 6,000. Siku 24 ni 144,000. Ningeweza kuzikata zote na kulala. Ningeweza hata kukata mwezi mzima, 180,000, kwa hoja ya notisi, na sidhani kuna mtu angenilaumu. Kaka yangu, alipoona nimeshaamua kurudisha, alinisihi nikate angalau huo mwezi. "Usijidhulumu na wewe," alisema, safari hii kwa sauti ya chini.

Lakini kila nilipoandika 24, mkono ulirudi kwenye tisa. Zile siku chumba hakikukosa mpangaji. Kilikosa mwenye nyumba wa kukitangaza. Nilikaa kimya kwa sababu fedha ya mtu ilikuwa inanilindia uvivu. Kumtoza kwa hilo ningekuwa namlipisha gharama ya kunilipa mapema.

Kwa upande mwingine, angenipa notisi ya mwezi, ningekuwa nimeshajipanga. Serikali haikumpa mwezi, ni kweli. Lakini je, uharaka wa mwajiri wake ni mzigo wangu? Nilimweleza jambo hili mwalimu mwenzangu, akasema nimezidisha, siku 24 ni siku 24. Labda. Sikatai kwamba mtu mwingine mwenye haki angefika kwenye namba nyingine.

Mimi nilifika kwenye kumi na tano. Nikakata 90,000.

Rangi sikukata, maana napaka kila mpangaji akitoka, awe msafi au mchafu. 720,000 toa 90,000 ni 630,000. Jumlisha ile 3,000 ya kodi ya jengo. Jumlisha yuniti, maana wapangaji wapya watazikuta na watazitumia, 13,700. Jumla 646,700.

Sikuwa nazo.

Zilikuwepo zile 1,140,000 ambazo wanandoa walikuwa wanakaribia kuzileta. Nilipoziwaza ndipo mwili uliponisisimka, kwa sababu nazo ni Mei mpaka Oktoba. Ningemlipa binti kwa miezi ya watu wengine ambayo nayo haijafika. Na wale wakipata uhamisho Juni?

Nikampigia dalali, nikamwambia wanandoa walipe miezi mitatu.

Alinyamaza kidogo. "Mama, watu wanapandisha, wewe unashusha?"

Bei ni ileile, nikamwambia. Ninachotaka ni muda mfupi.

Wakaleta 570,000. Mke alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Walikuwa wamepanga kukopa hiyo nusu nyingine. Aprili 28 nikamtumia binti 300,000 kwenye simu, na ya kutolea. Iliyobaki nikamwahidi mshahara wa Mei ukitoka.

## Kausha damu

Alipiga baada ya dakika mbili. Alidhani nimekosea namba.

Nilimweleza yote, mpaka siku tisa na dawa ya meno. Alikuwa kimya sana upande wa pili, nikasikia jogoo, nikasikia mtoto analia mbali, labda wodini. Halafu akasema, "Mama, Mungu akubariki," na mara moja akaanza kulia, na mimi nikadhani ni furaha.

Haikuwa furaha peke yake.

Siku ile alipotoka kwangu hakuwa na nauli ya kutosha wala fedha ya kuanzia maisha. Mshahara wa kwanza ajira mpya huwa hauna tarehe ya uhakika. Kwa hiyo kirikuu kilipotoka getini kwangu hakikwenda moja kwa moja stendi ya Magufuli. Kilipitia ofisi moja ya mikopo ya haraka, ile tunayoiita kausha damu. Alikopa 400,000. Aliacha picha ya kitambulisho, akaacha namba za wadhamini, akaanza kulipa riba kabla basi halijavuka Morogoro.

Kwa zile wiki nne, wakati mimi nasogeza namba kwenye karatasi na kuuliza watu kama haki ni 24 au 15, riba ilikuwa inatembea. Wadhamini wake walishaanza kupigiwa simu. Mmoja ni mama yake mzazi, kijijini.

Ile 300,000 ilikwenda yote kule, na deni bado halikuisha.

Nilikuwa nimejiona mtu mwenye haki kwa siku moja nzima.

Nikaomba mkopo wa dharura kwenye VICOBA, nikamtumia zile 346,700 wiki ileile. Rejesho lake nalilipa mpaka sasa, kwa mshahara wangu. Riba aliyokwisha kutoa sijamrudishia. Nilimtajia, akakataa kabisa: "Hapana mama, hiyo si ya kwako." Sina hakika kama anasema kweli au ananihurumia. Ningemrudishia hata nusu ya fedha yake ile asubuhi ya mvua, asingepita kwenye ile ofisi. Hasara yangu niliipima kwa siku. Yake sikuwa na kipimo chake, kwa sababu sikumwuliza. Alipokuwa amesimama mguu ndani, mguu nje, swali lilikuwa fupi: "Mwanangu, unasafiri na nini?"

## Kipengele cha saba sasa

Dada yangu anakaa Nairobi. Kule wanalipa mwezi kwa mwezi na dipoziti ya mwezi mmoja, na anasema ugomvi wao uko kwenye hiyo dipoziti: unatoka, unaambiwa imekwisha kwenye rangi. Kwa hiyo sidhani kuna mpangilio unaomaliza ugomvi. Ila nimekaa na msaidizi wa kisheria tukakiandika upya kipengele changu, kwa Kiswahili ambacho mpangaji anakielewa bila kutafsiriwa.

Kinasema mpangaji akihama mapema, atoe taarifa ya mwezi. Kinasema mwenye nyumba ataanza kutafuta mpangaji mwingine siku hiyohiyo anayopewa taarifa. Kinasema siku mpangaji mpya anapoingia, kodi ya siku zilizobaki ni ya aliyehama, na itarudishwa ndani ya siku kumi na nne, ikikatwa uharibifu uliokaguliwa na wote wawili. Yuniti zinasomwa pamoja siku ya kutoka. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba.

Wapangaji wangu wawili wa zamani walipousikia walikuja wote wakati mmoja kuuliza kama na wao unawahusu. Kaka alikuwa amelibashiri hilo. Nikasema ndiyo. Usiku ule sikulala vizuri, maana sijui kama nitaweza kulitimiza siku wakihama wote wawili mwezi mmoja.

Nimefungua pia daftari. Kodi ikiingia naigawa kwa miezi yake, na mwezi ambao haujaanza nauandika kwa penseli. Tarehe mosi naupitia kwa kalamu. Julai bado iko kwenye penseli. Nimeshaitamani mara mbili, mara moja kwa sababu ya choo kilichojaa na mara moja kwa sababu ya sare.

Juzi binti ameniandikia ujumbe. Amepata nyumba karibu na hospitali, chumba kimoja, mwenye nyumba ni mzee mstaafu na anataka miezi mitatu. Ameniambia alimwuliza kabla hajatoa fedha: nikihamishwa katikati, itakuwaje? Mzee akamwangalia, akasema hajawahi kuulizwa hivyo, ampe nafasi afikiri, arudi Jumapili baada ya ibada.

Leo ndiyo Jumapili. Simu iko hapa pembeni ya madaftari.